Natafuta kikundi cha walioacha pombe, Kigoma sijakiona

Assalamu alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Ujiji, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri boti zikirudi nanunua pale mwalo wa Kibirizi, naanika, wakishakauka napakia magunia yanakwenda Tabora mpaka Dar. Kazi hii naijua tangu sijaolewa na watu wananiheshimu. Ninachokuandikia hakuna mtu wa Ujiji anayekijua, au labda wanakijua wote na wananisitiri tu.

Nakunywa, Shangazi. Baa sijawahi kukaa hata siku moja. Nakunywa pombe kali, ile ya vichupa vidogo, naimimina kwenye chupa ya chai na tangawizi juu yake. Nilianza kwa kisingizio cha baridi ya asubuhi pale mwaloni, kifuniko kimoja, basi. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nikakaa miezi mitatu bila dagaa, mkopo wa kikoba unanidai, mume wangu yuko Kalemie, ng'ambo ya Kongo, kwenye biashara zake. Hapo ndipo nilipoanza kuamka na kichupa. Ziwa likafunguliwa, kazi ikarudi, kichupa hakikuondoka. Sasa hivi asubuhi mikono inatetemeka, siwezi kuhesabu hela mpaka nizimue kwanza.

Ramadhani iliyopita nikaapa. Usiku wa kuamkia mfungo nikaacha ghafla. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, nikaanguka jikoni. Wanasema nilirusha miguu, nikatoa povu, nikajikojolea. Nilipozinduka nyumba imejaa watu. Mama mkwe akasema ni majini ya ziwani, akaitwa ustadhi, nikasomewa na kufukizwa ubani. Mimi moyoni nilijua ni nini, ila nilinyamaza. Usiku ule mwili ulinishinda, nikanywa kidogo kwa siri, nikatulia. Watu wakamshukuru sana ustadhi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni binti yangu wa darasa la nne. Alikuja mgeni, nikamwambia mtoto amimine chai. Akafungua chupa, akainusa, ndipo akamimina. Hakusema neno. Tangu siku hiyo namwona, kila chupa ya chai humu ndani anainusa kwanza.

Nimesikia kuna vikundi vya watu walioacha pombe, wanakaa pamoja na kusaidiana. Nimevitafuta. Niliambiwa kuna kanisa watu hukutana Jumamosi, nikaenda na baibui langu mpaka mlangoni, nikaona nitaonekana, nikarudi. Mtu mwingine akaniambia anacho kikundi, kufika kumbe anauza dawa ya unga ya kuweka kwenye chakula, nikanunua kwa aibu ya kuondoka mikono mitupu, sijaitumia. Nikatafuta kwenye simu, nikapata mkutano wa Kiingereza, wakaniuliza jina langu, nikakata.

Nisaidie mambo matatu. Kikundi nakipata wapi kwa mtu wa Kigoma? Na mimi Mwislamu, je, inafaa kukaa mbele za watu nikataja dhambi yangu wakati Mungu amenisitiri? Na mume wangu nimwambie au ninyamaze mpaka nipone?

Msiri wa Ujiji

*

Wa alaykumus salaam mwanangu, na marahaba.

Kikundi tutakifikia. Lakini ile habari ya kuanguka jikoni siwezi kuiruka, maana ndiyo sehemu ya barua yako inayoweza kukuua.

Ubongo uliozoea pombe kila siku unajipanga kushindana na ule usingizi wa pombe, kama dereva anayekanyaga mafuta huku breki imeshikwa. Ukiondoa breki ghafla, gari linaruka. Kutetemeka, jasho na kutapika huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege hutokea ndani ya siku mbili za kwanza, na wewe ulianguka siku ya pili. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, wapo wanaoweweseka, wanaona vitu visivyokuwepo, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, na hapo watu hufa. Na aliyekwisha kuanguka mara moja yuko hatarini zaidi kuanguka akiacha tena. Ustadhi wa watu alifanya alichoitiwa, simlaumu. Ila kilichokutuliza usiku ule wewe mwenyewe unakijua.

Kwa hiyo usiache tena peke yako chumbani kwa nguvu ya kiapo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Maweni, ulizia huduma ya afya ya akili, na mbele ya daktari useme mambo manne tu: unakunywa kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho saa ngapi, na kwamba uliwahi kuanguka ulipoacha. Hilo la mwisho usilimeze. Kwa kawaida watakupa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepam, kwa siku chache huku wakiipunguza, pamoja na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Huenda wakataka ulale wodini. Lala. Na usije ukaona njia ya mkato ni kununua diazepam duka la dawa ukajitibu, kwa sababu ikikutana na pombe mwilini inaweza kuzima pumzi.

Mpaka siku hiyo ya daktari, usikate ghafla. Najua hayo ni maneno mazito kumwambia mwanamke aliyeapa kwa Ramadhani. Sikupi ruhusa ya kunywa, nani mimi? Ila hata katazo la pombe halikushuka kwa siku moja: ilitangulia Al-Baqara aya ya 219, ikaja An-Nisaa 43, ndipo Al-Maida 90 ikafunga mlango. Kwako ni suala la siku chache, na fanya ziwe chache kweli. Kama unaogopa kuonekana, hospitali ya mkoa ina watu wa kila ugonjwa kwenye mabenchi. Ukiulizwa, umekuja kupima presha, na utaipima kweli.

Sasa kikundi.

Unachokitafuta, ingawa hukukitaja kwa jina, ni kitu kama Alcoholics Anonymous, wengi wanakiita A.A. Nataka ujue kilivyoanza, maana wewe unatafuta jengo na mlango, na wao hawakuanza na jengo. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa mji wa Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeanguka, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na yuko peke yake hotelini, baa iko palepale chini. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa dini wa mji ule mmoja baada ya mwingine, na hakuomba dua. Aliomba aunganishwe na mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, aliyekuwa na hali kama yako, mikono inatetemeka asubuhi. Daktari alikubali kumpa robo saa, wakakaa mpaka usiku. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo wanaihesabu kuwa mwanzo wa A.A. yenyewe. Akron nzima haikuwa na mkutano. Walikuwepo walevi wawili na simu.

Na hilo wameliandika kwenye taratibu zao hadi leo: walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, ilimradi hawajajifunga na taasisi nyingine. Sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha. Hakuna ada wala fomu, na hakuna kitambulisho wala mwenyekiti wa kumpigia magoti. Wanachangishana wenyewe, asiye nacho haombwi. Jina ni la kwanza tu, na kinachosemwa mle hakitoki.

Kwa hiyo mwanangu, wewe tafuta mtu mmoja. Wa pili akipatikana, mkutano umeshakuwepo. Ujiji ina sifa dunia nzima kwa watu wawili, Livingstone na Stanley, kukutana chini ya mwembe mwaka 1871, na mmoja wao alikuwa mgonjwa. Wenu utakuwa na faida zaidi kwa wenyeji.

Mtu huyo utampata wapi? Fanya kama Bill, pitia kwa anayewaona wengi. Muuguzi wa afya ya akili anawajua wanawake wengine waliofika pale kwa tatizo hilohilo. Hawezi kukutajia majina na usimwombe majina. Mwombe awaulize yeye: yuko mwanamke anayetaka mwenziwe wa kuzungumza naye, je, uko tayari? Namba yako aiache kwa atakayekubali. Awe mwanamke, hilo nalisisitiza, kwa heshima yako mjini na kwa sababu mambo utakayoyasema hutayasema vizuri mbele ya mwanamume. Asiwe wa kikoba chako wala wa mwalo wako, msije mkagombana siku ya dagaa au siku ya rejesho.

Mkipatana, wekeni siku moja na saa moja isiyobadilika. Tuseme Alhamisi alasiri. Mji wetu haushangai kuona wanawake wawili watatu wamekaa kila wiki mahali pamoja, watadhani ni kikoba na waache wadhani. Saa nzima inatosha. Someni kitu kifupi cha kuanzia, hata ni zile hatua kumi na mbili za kuacha pombe wanazozifuata A.A., kisha mmoja aseme wiki yake ilivyokwenda, mwingine asikilize bila kumkatiza. Akimaliza, zamu ya pili. Kushauriana mle ndani hakuna, kukopeshana hakuna, na anayekuja amelewa haongei siku hiyo ila hafukuzwi. Siku ambayo mwenzio hakuja, wewe kaa saa yako. Vikundi vingi hufa wiki ya tatu kwa sababu mtu alifika, hakumkuta mwenziwe, akaona basi.

Na wakati huyo wa pili hajapatikana, rudi kwenye simu. Ulikata mapema mno. Kwenye mikutano ya mtandaoni hulazimiki kusema chochote. Ukiulizwa, unasema leo nasikiliza tu, wanapita kwa mwingine. Jina andika lolote, kamera izime, bando nalo litadumu. Tafuta ukurasa wa orodha ya mikutano ya mtandaoni ya A.A., ipo ya mchana na usiku. Anza na ya Nairobi, saa zao ni zetu, na masikio yatazoea matamshi haraka kuliko ya Wazungu. Angalia saa kwa makini, maana ndipo wengi hupotea: ukiona 20:00 ya Afrika Mashariki ni saa 2 usiku. Mkutano wa London wa saa 1 jioni ya kwao ni saa 4 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 3 usiku wakati wa joto. Kiingereza kikikupita, kaa hivyohivyo. Utaelewa zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa hadithi ni yako.

Kuna jambo moja la kazi yako linanitia wasiwasi. Giza likiwepo mnakesha na dagaa, hakuna nafasi ya kufikiri. Mbalamwezi ikija boti zinalala, wewe uko nyumbani, hela ya mzunguko iko mkononi na usingizi umeharibika. Nakisia vichupa vingi hununuliwa siku hizo. Kwa hiyo panga kwa mwezi wa angani: siku za giza mkutano mmoja kwa wiki unatosha, siku za mbalamwezi ingia kwenye simu kila siku. Hela ya mzunguko ibaki kwa mtu au kwenye akaunti usiyoweza kuigusa alasiri moja. Na ile tangawizi yako ya mwaloni, nunua kwa muuza chai, kikombe kwa kikombe, chupa isiende tena Kibirizi.

Swali lako la dini ni zuri na halijibiwi kwa mzaha. Umekumbuka ile hadithi ya Mtume kuhusu mtu anayefanya jambo usiku, Mungu akamsitiri, asubuhi akaamka na kulitangaza mwenyewe. Huyo anajitangaza. Wewe unatafuta tiba kwa wenye ugonjwa kama wako, mlango umefungwa, jina lako halitajwi. Mimi sioni kuwa ni kitu kimoja, lakini si mwanachuoni, kwa hiyo muulize sheikh unayemwamini, wa mbali kidogo, kwa mtindo wa kuuliza juu ya mtu fulani. Kuhusu kanisa, zile hatua zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Vikundi vingi hukutana kanisani kwa sababu kanisa lina chumba, viti na mlango unaofungwa. Iran, ambako pombe ni marufuku kwa sheria, vikundi vya namna hii vipo, na vile vya wenzao wa madawa ya kulevya ni vikubwa mno. Zanzibar nako soba hausi, nyumba wanamokaa watu wanaoacha ulevi, zinafuata hatua hizohizo, na waliomo wanatoka kwenye mkutano wanakwenda kuswali. Baibui lako lingeingia mlango ule bila tatizo. Lakini kama pale panakukwaza, usijilazimishe, njia nimeshakupa nyingine.

Ikitokea tiba ya hapo Kigoma haikushika, usione ndiyo mwisho. Daktari anaweza kukuandikia rufaa kwenda Mirembe, Dodoma, treni inayobeba magunia yako inapita mji huohuo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina namba ya kupiga bure, 119. Kazi yao ni madawa, ila ndio wanaosimamia soba hausi, kwa hiyo waulize ipi inapokea wanawake. Nyingi ni za wanaume, usifunge safari kabla ya kuuliza.

Mume wako mwambie. Usisubiri upone, na usimwambie kwa simu akiwa Kalemie. Kamwone daktari kwanza, ukae naye akirudi ukiwa na tarehe ya matibabu mkononi na kazi ya kumpa: nani atakaa na watoto ukilala wodini, nani atashika hela ya biashara. Mtu akipewa habari mbaya pamoja na kazi, hupata cha kufanya zaidi ya kufoka. Atafoka hata hivyo. Wenzi wa walevi nao wana vikundi vyao, vinaitwa Al-Anon, tangu 1951, na mikutano yao pia ipo kwenye simu. Ila kama ni mtu wa kupiga, nenda kwanza na shahidi mtu mzima wa kwenu, usikae naye peke yako. Mama mkwe hana haja ya kujua leo.

Binti ndiye anayehitaji kuambiwa wiki hii, kabla ya baba yake. Ameshajua. Umemwachia kazi ya mtu mzima, kulinda wageni dhidi ya chupa ya mama yake. Mkalishe, umwambie kwa maneno ya mtoto wa darasa la nne: Mama anaumwa ugonjwa wa pombe. Nakwenda hospitali kutibiwa. Wewe hukusababisha. Na kunusa chupa si kazi yako tena. Usimwahidi kwamba hutakunywa kamwe. Mwahidi hospitali, kwa sababu hiyo unaweza kuitimiza Jumatatu.

Ule unga uliouziwa usimwekee mtu na usiuonje. Baadhi ya dawa zinazouzwa hivyo kwa siri huweza kuwa na kemikali ya kumfanya mtu atapike na moyo kwenda mbio akigusa pombe. Ipo dawa halali ya namna hiyo, disulfiram, na hata yenyewe hutolewa na daktari kwa mgonjwa anayejua anachomeza, tena pombe ikiwa imeshatoka mwilini. Ufunge kwenye mfuko, uende nao Maweni, uwaonyeshe.